Kontua zinagandana kwenye kuta za korongo la Rio Grande: nifanyeje ramani isomeke?

Mwanafunzi wa Ramani ameandika:

Shikamoo wakubwa zangu, na salamu kwa wenzangu wote wa jukwaa hili.

Mimi ni mpima ardhi kutoka Tanzania, na kwa sasa ninasoma shahada ya uzamili katika jimbo la New Mexico, Marekani. Kazi yangu ya muhula huu ni kuandaa ramani ya topografia ya kuchapishwa kwenye karatasi, kwa skeli ya 1:24,000, ya sehemu ya korongo la mto Rio Grande karibu na mji wa Taos. Inaanzia La Junta, mahali ambapo mto Red River unaingia katika Rio Grande, na kuishia kwenye daraja la barabara kuu lililokamilika mwaka 1965.

Kwa asiyeijua nchi hii, ni uwanda wa juu ulio kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, mkavu, uliofunikwa na vichaka vifupi vya kijivu vyenye harufu kali. Ukisimama katikati yake huoni korongo lolote. Unaona tambarare, na kwa mbali milima ya volkano zilizozimika kama Ute Mountain. Kisha unatembea, na nchi inakatika mbele ya miguu yako: kuta za basalti nyeusi zinashuka hadi mtoni, na kwa upande wa La Junta kina chake kinafikia mita 240 hivi.

Nimepata data ya miinuko iliyopimwa kwa miale ya leza kutoka kwenye ndege, yenye seli za mita moja, inayotolewa bure na Idara ya Jiolojia ya Marekani, USGS. Niliiagiza programu ichore kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye mwinuko mmoja, kila baada ya futi 20, ili ramani yangu ilingane na karatasi za zamani za idara hiyo, na matokeo hayaridhishi. Kwenye kuta kontua zimegandana zikawa utepe mweusi usiosomeka, ilhali kwenye uwanda kuna maeneo mapana yasiyo na mstari hata mmoja. Mtoni, kontua moja inavuka maji, inarudi, inavuka tena. Isitoshe, nilipolinganisha na alama za mwinuko zilizo kwenye karatasi ya zamani, miinuko yangu imezidi kwa mita moja na ushei karibu kila mahali.

Jambo la mwisho ni daraja. Vyanzo mbalimbali vinataja kimo chake juu ya mto kuwa futi 565, futi 600, na futi 650. Niandike ipi? Naomba mnielekeze, kwa sababu sitaki kutoa ramani nzuri kwa macho ambayo itampotosha atakayeishika akiwa huko uwandani.

Mpima Mstaafu amejibu:

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kuchapisha.

Nianze na weusi wa kuta, maana programu yako haina kosa. Ni hesabu tu. Futi 20 ni mita 6.1, kwa hiyo ukuta wa mita 240 unapitiwa na kontua 39 hivi. Tuchukulie kwamba kutoka ukingoni hadi majini ni mita 300 kwa mlalo. Kwa skeli yako hizo ni milimita 12.5 za karatasi, na kila kontua inapata nafasi ya milimita 0.32. Mstari wenye unene wa milimita 0.1 unasomeka hapo, kwa taabu, lakini unasomeka. Tatizo ni kwamba basalti haishuki kwa mteremko mmoja. Inashuka kwa ngazi: genge lililosimama wima, chini yake mteremko wa kifusi cha mawe, kisha genge jingine. Genge la mita 60 lenye mlalo wa mita 20 linadai kontua 10 ndani ya milimita 0.83, yaani kila kontua inapata nafasi ndogo kuliko unene wa mstari wenyewe. Hakuna mtambo wa kuchapa utakaokuokoa hapo.

Utaratibu wa wapima wa zamani ulikuwa kuziachia kontua nene peke yake zipite kwenye genge, zile za kila futi 100, na kuzikatisha kontua nyembamba pale zinapofika kwenye kingo za genge hilo. Msomaji akiona nyembamba zimekoma na nene zinaendelea, anajua kwamba hapo hapapitiki kwa miguu. Usikubali kishawishi cha kuzisogeza kontua ili zipate nafasi; ukifanya hivyo utakuwa umelaza ukuta uliosimama, na mtu atajaribu kuushuka. Kwenye uwanda fanya kinyume: ongeza kontua za nusu, za kila futi 10, kwa mistari ya vipande, na uzikomeshe zote kabla ya ukingo.

Lakini kabla ya hayo yote kuna mstari mmoja ambao kwa maoni yangu ni muhimu kuliko kontua zote za karatasi hiyo, nao ni ukingo wa korongo. Umesema mwenyewe kwamba ukiwa uwandani korongo halionekani. Kontua ya mwisho ya uwanda inaweza kuwa mamia ya mita kutoka ukingoni, na kati yake na genge ramani haisemi lolote. Kwa hiyo ukingo uchorwe kama mstari unaojitegemea, wenye alama yake. Kokotoa mteremko kutoka kwenye seli zako za mita moja, tafuta mahali ambapo mteremko unaruka kutoka nyuzi chache hadi zaidi ya nyuzi 45, fuatisha mpaka huo, kisha uukague kwa jicho juu ya picha za anga, kwa sababu kompyuta itadanganywa na kila jabali lililojitenga. Ukishaupata, uingize katika modeli ya miinuko kama mstari wa mkatiko, ili programu isiulainishe ukingo ukawa kama bega la kilima. Mimi nilijifunza hili nikiwa kijana, tukihakiki ramani za 1:50,000 kwenye magenge ya Bonde la Ufa, na sijawahi kujuta kutumia siku nzima kwa mstari mmoja.

Kuhusu mita moja na ushei, usihangaike, hukukosea. Karatasi za zamani zilitumia datamu ya wima, yaani msingi wa kuhesabia miinuko, ya mwaka 1929, na data yako inatumia ile ya mwaka 1988, NAVD 88. Katika Marekani bara tofauti ya datamu hizo mbili inaanzia kama sentimita 40 chini ya sifuri hadi sentimita 150 juu yake, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo iko kwenye milima ya magharibi, ambako ndiko uliko. Tazama pia datamu ya mlalo, yaani msingi wa kuhesabia nafasi: karatasi za zamani nyingi ni za mwaka 1927, na nafasi ya kitu kimoja inaweza kuhama kwa makumi ya mita ukiichanganya na datamu mpya ya 1983. Sisi tunaoishi na Arc 1960, datamu ya ramani zetu za Afrika Mashariki, tunalijua hilo vizuri, maana ukiiweka juu ya nafasi za GPS bila kuigeuza unakosea kwa karibu mita 300. Andika datamu zote mbili pembezoni mwa ramani, kwa herufi zinazosomeka.

Kuhusu daraja, usinakili takwimu yoyote. Watu hutofautiana kwa sababu mmoja anapima kutoka kwenye sakafu ya daraja na mwingine kutoka kwenye kizuizi cha pembeni, na maji nayo hupanda theluji ya milima ya Colorado inapoyeyuka. Sababu hizo, hata hivyo, hazitoshi kueleza tofauti iliyopo. Kutoka futi 565 hadi 650 ni futi 85, karibu mita 26, na mto huo haupandi mita 26. Kwa vyovyote, mojawapo ya takwimu hizo haikutokana na kipimo. Unayo data ya leza mkononi, pima mwenyewe. Jihadhari na jambo moja tu: katika modeli ya ardhi tupu daraja huwa limeondolewa, kwa hiyo ukisoma mwinuko mahali lilipo utapata ardhi iliyo chini yake. Rudi kwenye wingu la nukta zenyewe, yaani vipimo vya leza kabla havijageuzwa kuwa modeli, ambako nukta za sakafu ya daraja zimehifadhiwa katika kundi lake.

Mpima wa Droni amejibu:

Shikamoo Mzee. Nakubaliana na yote uliyosema, na ningependa kuongeza kuhusu mto, kwa sababu huko ndiko nilikohangaika zaidi katika kazi zangu.

Ndugu mwanafunzi, leza ya kawaida ya ndegeni hutumia mwanga ulio karibu na infraredi, na maji huumeza mwanga huo. Nukta zinazorudi kutoka kwenye uso wa mto ni chache, na nyingine zimetoka kwenye povu la maporomoko au kwenye mawe yaliyochomoza. Programu inaunganisha nukta hizo chache kwa pembetatu kubwa, ukuta mmoja hadi mwingine, na ndiyo maana kontua yako inavuka, inarudi, inavuka tena. Dawa yake ni kuchora kingo mbili za maji, kuulaza uso wa maji uwe sawa kutoka ukingo hadi ukingo, na kuhakikisha kwamba kila hatua kuelekea chini mwinuko unapungua au unabaki ule ule, haupandi kamwe. Kisha kagua kila kontua: ivuke mto mara moja tu, na ncha yake ielekee mto unakotoka. Katika korongo jembamba ncha hiyo inakuwa kali sana, kama ya mkuki, usiilainishe. Andika pia tarehe ambayo ndege iliruka, kwa kuwa ukingo wa maji wa mwezi Mei, theluji inapoyeyuka, hauwi ule wa Oktoba.

Utafikiria kurusha droni ili kujaza mapengo. Fikiri mara mbili. Eneo hilo ni sehemu ya hifadhi ya kitaifa ya Rio Grande del Norte, iliyotangazwa mwezi Machi mwaka 2013, na linasimamiwa na Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi ya serikali ya Marekani. Omba mwongozo wao kwanza, hasa kwa kuwa kondoo wa mwitu wenye pembe kubwa huishi kwenye magenge hayo. Sheria ya anga ya Marekani nayo humzuia rubani wa droni kupita futi 400, yaani mita 122, juu ya ardhi. Ukiruka mita 100 juu ya uwanda uko salama, lakini droni ikivuka ukingo tu, ardhi iliyo chini yake inakuwa umbali wa mita 340, na umevunja sheria ukiwa hujagusa usukani. Hata picha zenyewe zinaharibika. Kamera inayotoa piseli ya sentimita 2.5 uwandani itatoa piseli ya sentimita 8.5 mtoni, na kamera inayotazama chini moja kwa moja haioni ukuta uliosimama wima kabisa. Inahitaji kuinamishwa na kuzungushwa upande kwa upande.

Ukishuka kwa miguu na kipokezi cha setilaiti, tarajia taabu nyingine. Korongo hilo linaelekea kaskazini na kusini, kwa hiyo kuta zinakuziba mashariki na magharibi, na unabakiwa na utepe wa mbingu. Upande wa kaskazini wa utepe huo kuna tundu ambalo setilaiti za GPS hazipiti, kwa sababu njia zake zimeinama nyuzi 55 tu kutoka ikweta nawe uko karibu latitudo ya nyuzi 36.5. Sisi tuliozoea kupima Tabora au Mwanza hatukumbuki jambo hili, maana huku setilaiti zinatutembelea pande zote. Mawimbi pia hugonga basalti kabla ya kukufikia, na kipokezi kinaweza kukupa jibu lenye sura ya uhakika ilhali si sahihi. Tumia kipokezi kinachosoma pia mifumo mingine ya setilaiti, yaani Galileo, GLONASS na BeiDou, kaa kwenye nukta moja kwa muda mrefu, urudi siku nyingine kwa saa tofauti. Penye uwezekano, weka mashine ya kupima pembe na umbali ukingoni na umwelekezee mwenzako aliye chini akiwa na kioo cha kurudisha mwanga. Ni njia ya zamani, na korongoni bado ndiyo inayoaminika zaidi.

Mchora Vivuli amejibu:

Naongeza machache kuhusu sura ya ramani. Programu nyingi, zinapochora vivuli vya ardhi, huiangaza kutoka kaskazini-magharibi kwa nyuzi 315, na kwa korongo linaloelekea kaskazini na kusini maana yake ni kwamba ukuta wa magharibi, unaotazama mashariki, utazama wote kwenye giza pamoja na kontua zake, na ule wa mashariki utakuwa mweupe. Usigeuze mwanga utoke kusini-mashariki, kwa sababu macho ya wasomaji wengi yataliona korongo kama mlima mrefu. Acha chanzo kikuu kaskazini-magharibi, changanya na mianga miwili mitatu hafifu ya pande nyingine, na kivuli chote ukipunguze hadi kontua nyembamba zaidi isomeke ndani yake. Mahali pa magenge, weka michoro ya miamba kama wanavyofanya Waswisi.

Kuna kazi ninayoiheshimu sana katika jambo hili. Bradford Washburn na mkewe Barbara walianza mwaka 1971 kupima moyo wa Grand Canyon huko Arizona, wakipelekwa na helikopta kwenye vilele ambavyo mtu hafiki kwa miguu kirahisi, wakitumia vipima umbali vya leza. Ramani yao ilitoka mwaka 1978, kwa skeli hiyo hiyo ya 1:24,000 uliyopewa wewe, na miamba ilichorwa kwa mkono na wataalamu wa ofisi ya topografia ya Uswisi. Miaka saba kwa karatasi moja. Kabla yao, kuanzia mwaka 1902, François Matthes alikuwa amelipima korongo lile kwa meza ya kupimia iliyowekwa juu ya miguu mitatu, kwa skeli ya 1:48,000 na kontua za kila futi 50, na kazi yake ilitumika kwa miongo mingi. Tafuta karatasi hizo maktabani uziangalie kwa kioo cha kukuzia. Uone ni wapi waliamua kuacha mstari.

Mwanafunzi wa Ramani amejibu:

Mzee wangu, dada, na ndugu mchoraji, nawashukuru kwa dhati. Nimeshachora ukingo wa upande wa mashariki na tayari karatasi imebadilika. Kontua zinaonekana kuwa na mahali pa kukomea.

Nina maswali mawili. Mahali pengi kati ya genge la juu na mto kuna vipande vikubwa vya uwanda vilivyoteleza chini vikiwa vizima, na nyuso zake zimeinama kuelekea ukutani badala ya mtoni. Kontua hapo zinajifunga na kutengeneza vijibonde vidogo, na programu inavichukulia kuwa makosa ya kujazwa. Nivijaze? Pili, ninataka kutengeneza nakala ya Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi wa nyumbani. Ramani imejaa neno la Kihispania "arroyo", mkondo unaotiririka mvua ikinyesha tu. Sisi tunaita korongo. Lakini Rio Grande nayo imo ndani ya korongo. Nitayatenganishaje?

Mwalimu wa Jiografia amejibu:

Usivijaze vijibonde hivyo, tafadhali. Ni vya kweli. Lava ya basalti katika uwanda ule imekaa juu ya tabaka laini za mchanga na udongo, na mto ulipozikata tabaka hizo, vipande vya juu vilipoteza egemeo, vikateleza vikizunguka, uso ukainamia nyuma. Nyuma ya kila kipande kunabaki handaki dogo. Weka kontua ya kijibonde, yenye vijino vinavyotazama ndani, na kwa vile vilivyo vidogo kuliko kontua moja weka nukta ya mwinuko. Vijibonde hivyo vinamweleza mwanafunzi jinsi korongo linavyopanuka, jambo ambalo kuta peke yake haziwezi kumwambia.

Umefanya vyema kuwafikiria wanafunzi wa nyumbani, kwa kuwa nchi hiyo ni ndugu ya kwetu kuliko inavyodhaniwa. Rio Grande inapita ndani ya bonde la ufa, mahali ambapo bara linavutwa likipasuka, kama lilivyo Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Bonde pana ni kazi ya ufa. Korongo jembamba lililo ndani yake ni kazi ya mto, na ni changa sana, kwa sababu mto ulipata nguvu ya kukata baada ya ziwa la kale la Alamosa, upande wa Colorado, kupasua kizuizi chake zaidi ya miaka 400,000 iliyopita na maji yake kumwagikia kusini. Ukiweka pembeni mwa ramani mchoro mdogo wa korongo la Olduvai, ambalo kina chake ni mita 90 hivi, mwanafunzi wa Karatu atapata kipimo anachokijua.

Kuhusu majina, usitafsiri lililo jina. Arroyo Hondo ibaki Arroyo Hondo, La Junta ibaki La Junta, na kuhusu majina ya watu wa Taos Pueblo, ambao wamekaa hapo kabla ya Wahispania, uwaulize wenyewe kabla ya kuyaandika. Kinachotafsiriwa ni ufunguo wa ramani. Humo ningeandika "korongo kuu" kwa lile la mto, "mkondo wa msimu" kwa arroyo, "genge" kwa ukuta wa wima, "mteremko wa kifusi" kwa mawe yaliyoanguka, na "ukingo" kwa ule mstari alioueleza Mzee. "Bonde" liache kabisa kwa karatasi hii, maana watoto wetu wakisikia bonde wanafikiria mahali pa kulima, na huko chini hakuna pa kuweka hata jembe.

Mpima Mstaafu amejibu:

Mwalimu amenikumbusha. Kabla ya kuchapisha, chukua nakala ya majaribio uende nayo ukingoni asubuhi, usimame mahali unapopatambua, uhesabu magenge ya ukuta wa mbele yako kutoka juu hadi majini, kisha uyahesabu kwenye karatasi. Hesabu zikitofautiana, tuandikie tena na mahali uliposimama.